Ukiumwa na Chatu: Ya Kufanya na ya Kutonunua

Chatu hana sumu. Tumeitanguliza kauli hiyo kwa sababu mengi yanayotendwa baada ya mtu kuumwa na nyoka huyu hutendwa dhidi ya sumu isiyokuwapo. Kamba hukazwa mkononi hadi vidole vikafa ganzi, ngozi huchanjwa kwa wembe, jiwe jeusi hubandikwa, na pengine mbuzi huuzwa ili inunuliwe dawa ambayo mgonjwa hana haja nayo. Wakati huohuo jeraha lenyewe, ambalo ndilo tatizo halisi, huachwa na uchafu wake.

Kauli hiyo ina sharti moja: nyoka aliyeuma awe kweli ni chatu. Katika Dodoma na uwanda wote wa kati sharti hilo si dogo, nasi tutalieleza kwa urefu hapa chini.

Wanaokutana na chatu

Chatu wa uwanda wa kati akikomaa huwa na urefu wa mita 3 hadi 4, na wapo wanaozidi mita 5. Hupenda mahali penye maji na penye mawe: kingo za mabwawa, pembezoni mwa kinamasi cha Bahi, vilima vya mawe, na mashimo yaliyochimbwa na nungunungu au mhanga. Banda la kuku lisilofungwa vizuri humvuta pia, na mfugaji anayeingiza mkono gizani kutafuta mayai ni miongoni mwa watu walio katika hatari.

Kundi la pili ni la wale wanaomshika kwa hiari. Kwetu kufuga chatu nyumbani si desturi iliyoenea kama ilivyo Marekani au Uingereza. Lakini wapo watunzaji katika bustani za wanyama na katika vituo vya nyoka kama kile cha Meserani, karibu na Arusha. Wapo wachezaji wa ngoma za nyoka, ambao maarufu zaidi ni Bayeye wa Kisukuma, wanaocheza na chatu mzima akiwa shingoni. Na wapo vijana wanaomwokota chatu mdogo shambani wakamweka kwenye ndoo, wakimwonyesha kwa wapita njia kwa malipo kidogo. Hawa wa mwisho ndio wanaotutia wasiwasi kuliko wote, kwa kuwa hawana mafunzo wala kibali.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, kumkamata na kumweka mnyamapori bila kibali ni kosa. Chatu yumo pia katika Kiambatisho cha II cha Mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe hai walio hatarini. Anayehitaji kibali, au anayetaka kumsalimisha nyoka aliye naye, aende ofisi ya wanyamapori ya wilaya au ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Lakini tuseme wazi: aliyeumwa asiogope kwenda hospitali kwa sababu ya kibali. Mganga anatibu jeraha, na anahitaji kuambiwa ukweli kuhusu nyoka aliyeuma. Mgonjwa anayesema ameumwa na kitu asichokijua, ilhali chatu yuko ndooni nyumbani, anajiletea matibabu asiyoyahitaji.

Anaumaje

Chatu huuma kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kujihami: huchomoa kichwa ghafla, huuma na kuachia papo hapo. Ya pili ni njaa, na hii ndiyo mbaya zaidi. Nyoka anayefugwa hujifunza kwamba mfuniko ukifunguliwa chakula kimefika, na mkono ulioshika kuku au mbuzi muda mfupi uliopita unanukia kama chakula. Hapo huuma bila kuachia, kisha hujizungusha. Kwa hiyo mtunzaji hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa, humlisha kwa koleo refu na si kwa vidole, na hamtoi nje siku ya kumlisha.

Meno yake ni mengi na makali kama sindano. Yamepangwa safu mbili katika taya la chini na safu nne katika taya la juu, na yote yamepinda kuelekea kooni. Ndiyo maana anayeuvuta mkono wake kwa nguvu huugeuza mdudu wa sindano kuwa mchaniko mrefu. Majeraha mabaya mengi husababishwa na aliyeumwa mwenyewe, katika sekunde ile ya kwanza ya kujinasua.

Akijizungusha

Kwa muda mrefu ilisadikiwa kwamba nyoka wa kukaba huua kwa kumnyima mnyama pumzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa nchini Marekani kwa boa na panya, ulionyesha kwamba mkazo huo huvuruga mzunguko wa damu ndani ya sekunde chache tu. Maana yake kwetu ni kwamba hakuna muda wa kumngoja aliyekwenda kuita jirani. Msaidizi awe yupo tangu mwanzo. Chatu anayezidi mita 2 asishikwe na mtu aliye peke yake, hata kama amezoeleka kwa miaka, na asiwekwe shingoni kamwe. Wachezaji wa ngoma watatuona wagumu kwa neno hilo, lakini hatuwezi kuandika vinginevyo.

Mtoto asilale wala kucheza katika nyumba yenye chatu mkubwa. Mwezi Agosti 2013, katika mji wa Campbellton nchini Canada, ndugu wawili wenye umri wa miaka 4 na 6 waliuawa usingizini na chatu wa Afrika aliyetoroka kizimbani kupitia tundu la hewa. Nyoka huyo alikuwa amewekwa ndani ya kizimba cha kioo, katika nyumba iliyokuwa juu ya duka la wanyama. Ndoo yenye tofali juu yake haifikii hata nusu ya kizimba kile.

Ikiwa amekwisha kujizungusha, mmoja ashike kichwa nyuma tu ya taya, na mwingine aanze kumfungua kuanzia mkiani. Mkia ndio sehemu dhaifu. Anayeanza katikati ya mwili anashindana na misuli yote kwa pamoja. Kama mkunjo uko shingoni au kifuani, hapo ndipo pa kufunguliwa kwanza, na mambo ya mkono ulioumwa yasubiri. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114, lakini kuwapigia simu kusimzuie aliyepo kuanza kazi.

Asipoachia mkono, usiuvute. Usukume kidogo kuelekea kooni mwake ili meno yalegee, kisha mwenzako ainue taya la juu kwa kitu bapa kisicho na ncha, mfano kadi ngumu ya plastiki. Maji baridi yakimwagwa kichwani husaidia baadhi ya nyakati, na watunzaji wengine hutumia spiriti kidogo kwenye pembe ya kinywa. Spiriti isitumike karibu na jiko au mshumaa. Kumchoma nyoka kwa kijinga cha moto au kumkata kwa panga akiwa bado ameng'ang'ania humfanya abane zaidi, na panga hilo limo karibu mno na mkono wa mtu.

Jeraha

Bana jeraha kwa kitambaa safi, bila kufunuafunua, kwa dakika 10. Damu ikipungua, osha kwa maji safi yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa. Maji ni adimu katika vijiji vyetu vingi wakati wa kiangazi, na tunajua ndoo moja ina kazi nyingi. Hata hivyo hakuna dawa ya dukani inayochukua nafasi ya kuosha huku. Usipake majivu, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya breki wala dawa ya meno. Funika kwa shashi au kitambaa safi kilichopigwa pasi.

Kisha nenda kituo cha afya, hata kama jeraha linaonekana dogo. Zipo sababu mbili. Meno ya chatu hukatika na kubaki ndani ya nyama, na jino lililobaki huota usaha baada ya siku kadhaa. Mganga atalitafuta, na pengine ataagiza picha ya eksirei. Sababu ya pili ni pepopunda. Ikiwa ni zaidi ya miaka 5 tangu upate chanjo hiyo, au hukumbuki kabisa, utahitaji kuchanjwa. Jeraha lililo usoni, kwenye kiungo cha kidole, au lililokata mshipa lionwe hospitalini siku hiyohiyo, na vivyo hivyo kwa mwenye kisukari. Wekundu unaoenea, joto, harufu au homa katika siku zinazofuata ni dalili ya kurudi kwa mganga bila kungoja tarehe aliyokupangia.

Ikiwa huna hakika

Sasa turudi kwenye sharti letu. Chatu anapoanguliwa huwa na urefu wa sentimita 50 hadi 70, na ana madoa ya kahawia mwili mzima. Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, ana urefu unaokaribiana na huo, naye ana madoa. Kifutu ana sumu kali, hulala kimya kando ya njia, na husubiri hadi akanyagwe. Ukiwatazama kwa utulivu utaona tofauti: kifutu ni mnene na mfupi, kichwa chake ni kipana chenye umbo la pembetatu, na mgongoni ana alama zilizopinda kama herufi V, chatu mdogo ni mwembamba kwa urefu wake, na utosini ana alama nyeusi kama ncha ya mshale. Lakini nani hutazama kwa utulivu saa mbili usiku, akiwa na tochi ya simu?

Alama za meno nazo hazitoshi. Chatu kwa kawaida huacha vidonda vingi vidogo vilivyopangika kwa upinde, na kifutu huacha tundu moja au mawili, lakini mguu uliojipangusa kwenye miiba huchanganya hesabu hiyo. Kwa hiyo asiye na hakika ajichukulie kuwa ameumwa na nyoka wa sumu. Hapo utaratibu hubadilika: usichokonoe jeraha, usikaze kamba, usichanje, usinyonye. Vua pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, funga banzi ili kiungo kisitikisike, na mgonjwa abebwe badala ya kutembea. Uvimbe unaopanda haraka, maumivu makali, malengelenge au damu kutoka kwenye fizi ni dalili za sumu. Ukiweza, mpige nyoka picha ukiwa mbali. Usimfukuze ili umuue, na hata akiwa amekufa usimshike kichwa, kwa kuwa kichwa kilichokatwa bado huweza kuuma.

Ya dukani

Shirika la Afya Duniani liliingiza madhara ya sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na linakadiria kwamba kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kwa sababu hiyo duniani. Antivenomu ndiyo tiba yake, na kwa aliyeumwa na kifutu inaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo. Kwa aliyeumwa na chatu haina kazi yoyote. Zaidi ya hayo, inaweza kuleta mzio mkali unaoziba njia ya hewa, ndiyo maana hutolewa mahali penye mganga na dawa za kukabiliana na mzio huo. Usinunue antivenomu ili uiweke nyumbani au kambini. Na hata hospitalini, familia inayo haki ya kuuliza kama chupa iliyoandaliwa imetengenezwa kwa ajili ya nyoka wa Afrika; lebo hutaja majina yao. Zipo bidhaa zilizotengenezwa kwa sumu ya nyoka wa Asia, na hizo haziwatibu vema wagonjwa wetu.

Jiwe jeusi linalouzwa minadani ni mfupa wa ng'ombe uliochomwa hadi ukawa mkaa. Hunata kwenye jeraha kwa sababu lina vitundu vinavyofyonza unyevu, na mtazamaji hudhani linavuta sumu. Majaribio ya maabara kwa wanyama hayakuonyesha kwamba lina uwezo huo. Sifa yake nyingi, tunadhani, imetoka kwa watu walioumwa na chatu na nyoka wengine wasio na sumu, ambao wangepona hata bila jiwe.

Antibayotiki nazo si za kila jeraha la chatu. Usikubali kuuziwa vidonge vinne au sita ndani ya karatasi bila maelezo. Kama mganga ameziandika, nunua dozi kamili katika famasi au duka la dawa muhimu lenye kibali, na udai risiti. Chanjo ya pepopunda haitolewi dukani.

Ikiwa dawa uliyopewa imekuletea vipele, kuvimba midomo au kushindwa kupumua, rudi kituoni mara moja, kisha omba fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa. Hunza boksi na chupa, kwa kuwa tutahitaji jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda. Aliyeuziwa jiwe au dawa kwa ahadi ya kutibu sumu ya nyoka anaweza kutuletea taarifa bila kutaja jina lake; tutahitaji kujua bidhaa yenyewe, mahali iliponunuliwa na siku.