Mikono ya Mzee

Wako wasemao ya kuwa mikono ya mzee imekwisha kazi. Anna Mary Robertson Moses wa Marekani alizaliwa mwaka 1860, akatumika nyumbani mwa watu tangu miaka 12, kisha akaolewa na mkulima. Uzeeni baridi yabisi ikamshika mikono hata sindano ya kutarizi ikamshinda. Basi akashika burashi, akachora mashamba na theluji ya utoto wake. Katika maonyesho ya wilaya jemu yake ilipata zawadi, picha hazikupata kitu! Lakini mwaka 1938 mgeni mmoja akaziona dirishani mwa duka la dawa huko Hoosick Falls, akazinunua zote. Bibi alikuwa karibu miaka 78. Alikufa mwaka 1961, umri wake miaka 101, na mwaka ule ule alikuwa akichora bado.