Wiki ya Bahari Isiyouzika Hata kwa Bure

Kama umewahi kusimamishwa kwenye jumba la kibiashara Nairobi na dada mwenye tabasamu, ati jaza fomu ushinde likizo, basi mwanzo wa stori hii unaujua. Mathe alisimama.

Ilikuwa Desemba 2018. Siku mbili baadaye akapigiwa simu: ameshinda! Sharti lilikuwa dogo tu, aende hotelini asikilize maelezo kwa dakika 90. Alikaa saa nne. Alitoka na faili ya buluu, picha za minazi na deni la Sh320,000. Malipo ya kwanza, Sh80,000, yalitoka kwa akiba yake ya sacco. Hizo zilikuwa karo yangu.

Alichonunua kinaitwa taimushea. Si nyumba, si ploti. Ni haki ya kulala hotelini wiki moja kila mwaka kwa miaka mingi, pamoja na mzigo wa kulipa ada ya matunzo, uende usiende. Ada yake ilianza Sh24,000. Sai ni Sh41,000. Mathe ameenda Pwani mara moja. Corona ilipofunga kila kitu 2020, bili ilikuja vilevile.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Sisemi ni taimushea pekee iliyoniangusha, lakini hesabu naijua.

Tukaamua kuuza. Niliweka tangazo mtandaoni: Sh200,000. Kimya. Nikashuka hadi laki, hadi 50,000, mwisho nikasema mtu achukue bure. Jamaa mmoja akaniuliza, "Sasa ukinipea bure, hiyo ada ya kila mwaka italipwa na nani?" Nilikosa jibu.

Hapo ndipo niliona mtego. Bei ya mwanzo imebeba zawadi, kamisheni ya wauzaji na zile keki za siku ya maelezo. Vitu hivyo haviuziki mara ya pili. Anayenunua kwako anarithi bili, na chumba kama hicho anaweza kukikodi mtandaoni bila kujifunga na mtu. Tena mkataba wa mathe unasema huwezi kumpa mtu mwingine bila idhini ya kampuni, na lazima ada zote ziwe zimelipwa. Hata Marekani, watu huziweka eBay kwa dola moja.

Halafu wakaja wale wengine. "Mama, tuna mteja wa wiki yako, anatoa laki nne. Tuma Sh15,000 za usajili." Nilimpata mathe ashafungua M-Pesa. Mteja hakuwepo, shida ilikuwa hizo elfu 15. Huu ujanja una wenyewe: mwaka 2023 Marekani iliwekea vikwazo watu na kampuni za Mexico zilizohusishwa na genge la Jalisco, kwa kutapeli wenye taimushea eneo la Puerto Vallarta.

Sasa wewe ambaye hujatia sahihi, au umetia juzi, sikiza. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya Kenya ya 2012 inakuruhusu kufuta mkataba wa taimushea bila kutoa sababu yoyote, hadi siku 10 baada ya kupokea nakala yake. Andika barua, na ubaki na ushahidi kwamba ilifika. Ukizungushwa, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Na yeyote anayetaka pesa kwanza ndipo akuuzie, mkatie simu.

Mathe alijua kuhusu hizo siku 10 baada ya miaka sita.

Mwezi uliopita tuliandikia kampuni ichukue wiki yake, bila kurudisha hata shilingi. Wakajibu: lipeni kwanza Sh78,000, ada ya miaka miwili, kisha tutaangalia. Mathe anataka kulipa. Anasema hataki kuniachia deni.

"Mama, usitume kitu," nilimwambia. "Waandike kwanza kwamba wakilipwa wanaichukua."

Amekubali, shingo upande. Faili ya buluu iko mezani, na barua yao tunaingoja.