Fouga ya Katanga juu ya kiganja: wajenzi wa maketi wanavyotafuta ukweli wa mwaka 1961 kwa waya na sindano

Rubani ana urefu wa sentimita mbili na nusu. Kiti chake hakizidi punje ya haragwe, na mkanda unaomfunga kifuani haufiki upana wa milimita moja. Mtu anayemtengenezea kiti hicho amevaa miwani ya kukuza, ameshika kibanio mkononi, na wakati wa kuweka tone la gundi anazuia pumzi. Akipiga chafya, kazi ya jioni nzima inapotelea chini ya meza.

Ndege yenyewe ni Fouga Magister iliyotengenezwa Ufaransa, hapa imepunguzwa mara 72. Ile ya kweli ina urefu wa mita 10 na kidogo. Hii ya plastiki ina sentimita 14 tu, inakaa vizuri juu ya kiganja. Mkia wake umesimama kama herufi V, na kwenye ncha za mabawa kuna matangi mawili ya mafuta. Wazee wa Lubumbashi, Likasi na Kamina hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwezi wa Septemba 1961, ndege ya namna hiyo ilipopita chini chini juu ya miji yao, kila mtu alitafuta ukuta wa kujificha.

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wengi wao wakiwa na kazi nyingine za mchana, ambao usiku wanajenga ndege za vita za plastiki, zile ambazo Wafaransa na Wabelgiji huziita maketi. Ndege zilizopigana Katanga zina wapenzi wao kati ya watu hao. Wapo wanaoridhika na vipande vilivyomo ndani ya kasha. Wapo pia wasioridhika, wanaoongeza kwa mikono yao kila kitu ambacho kiwanda hakikuweka: nyaya, mikanda, mishale ya saa, mirija ya breki. Hao ndio wanaokuja kugongana na historia ya Kongo, mara nyingi bila kutarajia.

Historia hiyo kwa ufupi ni hii. Katanga ya Moïse Tshombe ilijitangaza huru tarehe 11 Julai 1960. Mwanzoni mwa 1961 ilipata Fouga tatu, zikaletwa ndani ya ndege kubwa ya mizigo. Tarehe 13 Septemba 1961, wakati vikosi vya ONU vilipoanza operesheni ya Morthor mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ni Fouga moja tu iliyokuwa bado inaruka. Moja hiyo ilitosha. Iliwashambulia askari wa Ireland zaidi ya 150 waliozingirwa Jadotville, ambayo ni Likasi, hadi wakaishiwa maji na risasi na kujisalimisha tarehe 17. Ilipiga pia ndege za usafiri zilizoegeshwa uwanjani. ONU wakati huo haikuwa na ndege hata moja ya kivita nchini Kongo.

Jibu lilikuja Oktoba. Sweden ilileta ndege 5 za Saab J 29, ambazo Waswidi wenyewe waliziita Tunnan, yaani pipa, kwa sababu ya tumbo lake nene. Ethiopia ilileta Sabre, India ikaleta Canberra. Mwishoni mwa Disemba 1962 hayo mapipa ya Waswidi yalishambulia uwanja wa ndege wa Kolwezi, na mwezi uliofuata Katanga ya Tshombe ikaisha. Tunnan nyingine hazikurudi nyumbani. Ziliharibiwa palepale Kamina, kwa kuwa gharama ya kuzirudisha ilizidi faida yake.

Leo ndege zote hizo zinapatikana ndani ya makasha. Airfix ya Uingereza na Heller ya Ufaransa zimewahi kutoa Fouga kwa kipimo cha 1/72. Pilot Replicas ya Sweden imetoa Tunnan kubwa zaidi, kwa 1/48. Mwenye kufungua kasha la zamani la Fouga atakuta nusu mbili za mwili, mabawa, matairi, kipande cha kioo, na ndani ya chumba cha marubani viti viwili vilivyo kama vigoda. Basi. Hakuna mikanda wala swichi, na dashibodi ni kibao kilaini.

Tatizo la kwanza ni unene. Bati la mwili wa ndege ya kweli lina takriban milimita moja. Plastiki ya maketi nayo ina karibu milimita moja, lakini ukiizidisha mara 72 unapata zaidi ya sentimita 7, unene wa ukuta wa nyumba ndogo. Ndiyo maana milango ya magurudumu ya maketi iliyojengwa haraka huonekana kama mbao za seremala. Mjenzi makini anakwangua kingo kwa msasa mpaka plastiki inakaribia kupitisha mwanga, au anatupa mlango wa kiwanda na kukata mwingine kutoka kopo la soda. Hata bati la kopo, ambalo kidole kinalikunja bila shida, kwa kipimo hicho bado ni nene kuliko bati la ndege yenyewe.

Vifaa vingine vinatoka nyumbani vilevile. Waya wa simu ukichunwa unatoa nyuzi za shaba za kutengenezea mirija ya breki. Mikanda ya rubani hukatwa kutoka karatasi laini ya madini inayofunika shingo ya chupa ya divai, kwa sababu inakunjika na kulala kitini kama kitambaa kilichochoka. Bunduki mbili za rashasha kwenye pua ya Fouga zina midomo ambayo kwa 1/72 ni kama theluthi moja ya milimita. Hakuna kiwanda cha plastiki kinachoweza kutoboa tundu dogo hivyo, lakini sindano ya insulini imeshatobolewa tayari. Inakatwa kwa tupa, polepole, maana ukitumia koleo tundu linajifunga.

Nyuzi nyembamba kabisa hutengenezwa kwa moto. Mjenzi anachukua kijiti cha plastiki kilichobaki baada ya kutoa vipande, anakizungusha juu ya mshumaa mpaka katikati panalainika, kisha anakiondoa motoni na kuvuta ncha mbili. Akivuta taratibu anapata uzi mnene, akivuta haraka anapata uzi mwembamba kama unywele. Na unywele si mfano wa mapambo hapa: unywele wa mtu, ukizidishwa mara 72, unakuwa na unene wa waya wa umeme wa milimita tano hivi. Kwa hiyo uzi huo ndio saizi halisi ya nyaya zinazopita nyuma ya dashibodi.

Chumba cha marubani wa Fouga kina jambo moja linalompa mjenzi raha na taabu pamoja. Ndege hii ilibuniwa kwa ajili ya mafunzo: mwanafunzi anakaa mbele, mwalimu nyuma, na mwalimu haoni vizuri mbele. Wafaransa wakamwekea periskopu, chombo cha vioo kama kile cha nyambizi, ili aone juu ya kichwa cha mwanafunzi wake. Makasha mengi ya zamani hayana periskopu hiyo. Kuitengeneza kunahitaji kipande cha plastiki kilichokatwa kwa wembe, tone la rangi ya fedha mahali pa kioo, na subira. Viti navyo ni viti vya kawaida, visivyorusha rubani nje ndege ikipigwa. Anayenunua viti vya kisasa vya ndege nyingine na kuvitia humo kwa kuwa vinapendeza, amewapa marubani wa Katanga njia ya kuokoka ambayo hawakuwa nayo.

Halafu kuna saa za dashibodi. Saa moja ya sentimita nane inakuwa na milimita moja tu. Mjenzi anapaka kibao rangi nyeusi, anakwangua mishale kwa ncha ya sindano ili plastiki nyeupe itokee chini, kisha anaweka tone la vanishi ing'aayo juu ya kila duara. Likikauka linakuwa kioo. Mwishoni anapitisha rangi ya mafuta iliyoyeyushwa sana, inayotiririka na kukaa kwenye mifereji, na juu ya kingo anapitisha brashi karibu kavu yenye rangi angavu. Njia hii ya mwisho ilisambazwa sana na Mbelgiji François Verlinden, ambaye vitabu vyake na vipande vyake vya utomvu viliwafanya wajenzi wengi wa miaka ya 1980 waone aibu na kazi zao za zamani.

Baada ya yote hayo, nusu mbili za mwili wakati mwingine hazifungiki. Nyaya ni nyingi mno, au dashibodi imezidi nusu milimita. Hapo ndipo wengine huweka maketi kwenye kasha na kulisukuma chini ya kitanda kwa miaka.

Mchezo huu haukuanza kama mchezo mtupu. Mwaka 1942 jeshi la majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za mbao, kwa kipimo hichohicho cha 1/72, ili askari wajifunze kutofautisha ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo lake angani. Umbo likikosewa, mtu angeweza kumpiga mwenzake. Ukali huo kuhusu usahihi umebaki, ingawa hatari imeondoka.

Kwa ndege za Katanga, usahihi unakwama kwenye picha. Fouga ya jeshi la Ufaransa imepigwa picha kila upande, na nyingine zimehifadhiwa kwenye makumbusho. Lakini ndege iliyo kwenye makumbusho imeruka miaka mingi baada ya 1961, redio zake zimebadilishwa, rangi imerudiwa. Ireland yenyewe, ambayo askari wake walinyeshewa risasi Likasi, baadaye ilinunua Fouga na kufundishia marubani wake hadi miaka ya 1990. Mjenzi anayenakili chumba cha Fouga ya Ireland akadhani ndiyo ya Katanga amekosea miaka na amekosea vita.

Picha za ile Fouga ambayo vitabu huitaja kama KAT-93 ni chache, na zinazoonekana mara nyingi ni za nyeusi na nyeupe. Bendera ya Katanga ilikuwa na nyekundu, nyeupe na mstari wa kijani, pamoja na misalaba mitatu ya shaba. Katika picha isiyo na rangi, nyekundu na kijani zinaweza kutoka zote mbili kijivu kinachofanana. Vyombo vya kubebea mabomu madogo chini ya bawa vinaweza kufichwa na kivuli. Mjenzi mwaminifu akifika hapo ana njia mbili: kubuni, au kufunga kioo na kuacha giza ndani. Wa pili hapati sifa nyingi kwenye maonyesho. Hata hivyo kazi yake haidanganyi.

Maswali haya madogo si ya wajenzi peke yao. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba 1961, ndege iliyombeba Katibu Mkuu wa ONU, Dag Hammarskjöld, ilianguka karibu na Ndola, katika Zambia ya leo. Watu 16 walipoteza maisha. Je, Fouga ya Katanga ingeweza kufika huko? Ingeweza kupigana usiku? Maswali hayo yameulizwa tena na tena. Jaji Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu wa zamani wa Tanzania aliyepewa na ONU kazi ya kuchunguza, aliandika mwaka 2017 kwamba inawezekana shambulio au tishio kutoka nje lilisababisha ajali hiyo. Aliziomba nchi zifungue nyaraka zao. Mafuta kiasi gani, bunduki gani, uwanja upi: ni yaleyale yanayomsumbua mtu mwenye kibanio mezani, ila huku kuna wafu wanaosubiri jibu.

Goma, Bukavu au Uvira, kasha la Fouga si kitu cha kukuta dukani. Mikono haikosekani. Watoto wa huku wanatengeneza magari ya waya yenye usukani unaozunguka na malori ya makopo ya sardine yenye matairi ya kandambili, na hakuna aliyewapa kasha wala mchoro. Mjenzi wa Ulaya anayekata kopo la soda usiku anafanya kazi wanayoijua vizuri.

Anachokosa yeye, huenda kiko huku. Miaka ya 1960 Elisabethville ilikuwa na wapiga picha wake, na familia zilipenda kupigwa picha mahali penye kitu kipya. Picha moja kwenye albamu ya nyumba fulani ya Kenya au Katuba, watoto wamesimama Luano wakiwa na nguo za Jumapili, na nyuma yao pua ya ndege yenye mkia wa V, ingetosha kuonyesha kilichokuwa kimening'inia chini ya bawa.