Kipimo cha Boila Kinapodanganya

Boila za viwanda vya sukari huchochewa kwa makapi ya miwa. Mvuke wake huzungusha mitambo ya umeme kwanza, kisha ule uliotoka huko ukapikia sukari. Kiwanda kikihitaji mvuke mwingi kwa ghafla, shinikizo ndani ya boila hushuka, na hapo huonekana kioja: maji yanapungua, lakini kipimo kinaonyesha yamepanda. Mchawi ni viputo. Kwa shinikizo kamili la bar 10, kilo moja ya mvuke hujaza nafasi takriban mara 170 ya ile ya kilo moja ya maji. Shinikizo likishuka, viputo vilivyomo huvimba, vingine vipya huzuka, na maji hufura kama maziwa jikoni. Kidhibiti kinachotazama kina cha maji peke yake huamini kioja hicho na kubana vali ya maji yanayoingia wakati uleule boila ina kiu. Viputo vikitulia, kina huporomoka. Vali hufunguliwa yote, maji yanayoingia, ambayo si moto kama yaliyomo, huua viputo vilivyobaki, na kina huzidi kushuka. Ndiyo maana kubadilisha pampu au kukiongezea kidhibiti ukali mara nyingi hakusaidii: kinajibu upesi zaidi habari ya uongo.

Dawa ni kuhesabu kinachotoka na kinachoingia. Mita moja hupima mvuke unaoondoka, nyingine maji yanayoingizwa. Mvuke ukiongezeka tani moja kwa saa, maji nayo huongezwa tani moja, hata kama kipimo cha kina kinapiga kelele kwamba boila imejaa. Mtu atauliza: kwa nini basi kina kisiachwe kabisa? Kwa sababu mita nazo zina kasoro. Kosa la asilimia 1 tu kwenye boila ya tani 50 kwa saa ni kilo 500 kila saa, na kabla zamu haijaisha boila itakuwa imefurika au imekaukiwa. Kwa hiyo kina hubaki na kauli ya mwisho, ila kisemeshwe polepole.

Pingamizi zito zaidi ni la mafundi wanaosema mita hizo huwapotosha wakati wa kuwasha boila. Wana haki. Mita nyingi za mvuke hupima tofauti ya shinikizo, na tofauti hiyo hufuata kipeo cha pili cha mtiririko: mtiririko ukiwa robo, ishara ni sehemu moja tu ya 16, imezama kwenye mitetemo ya kawaida ya bomba. Kwa mzigo mdogo kama huo ni afadhali kurudi kwenye kina peke yake, kisha mita zipewe kazi mzigo unapopanda. Na boila ndogo, yenye maji mengi kwa mvuke kidogo, haihitaji gharama yote hii. Pampu ya kuwaka na kuzima inaitosha. Swichi inayokata moto maji yakipungua mno ndiyo isiyo na mjadala, kwa boila ya ukubwa wowote, nayo iwe na kipimo chake yenyewe, kisichotegemea kile cha kidhibiti.