Bisibisi ya kuchaji kwa keja yako: Usichezwe na volti

Umehamia keja mpya Katito, karibu na pale barabara ya Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay. Kitanda kilibidi kifunguliwe vipande ndipo kipite mlangoni. Chuma cha pazia bado kimeegemea ukuta. Bawaba ya kabati imelegea, na kiti ulichonunua kwa fundi wa jua kali kinayumba kama mtumbwi. Ukiita fundi kwa kila skrubu, mfuko utalia. Ukitumia kisu cha jikoni, utaharibu kisu, skrubu na kidole.

Hapo ndipo bisibisi ndogo ya kuchaji, isiyo na waya, inapoingia. Kwamba inasaidia hakuna ubishi. Kazi ni kuchagua, maana ukikosea umetupa pesa ya kodi kwa kitu kitakachokufa kabla ya mwezi kuisha. Na kama ulikinunua Kisumu, kukirudisha ni nauli nyingine ya matatu.

Anza na skrubu zako

Kabla ya kuingia hadiwea, zunguka chumba uangalie skrubu ulizo nazo. Kwa bedsita ya kawaida, nyingi ni nyembamba, milimita 3 hadi 4, na hazizidi urefu wa sentimita 4. Ni za bawaba, vipini vya droo, miguu ya meza na rafu. Hizo ndizo kazi za bisibisi ndogo.

Kazi isiyo yake ni kutoboa ukuta. Nyumba nyingi za kupanga zimejengwa kwa mawe au bloku na kupigwa plasta ya simiti. Ukuta kama huo unataka drili yenye mpigo wa nyundo. Usinunue drili kubwa kwa sababu ya pazia moja. Azima au ukodi, toboa mashimo yako manne, ingiza plagi za plastiki, kisha bisibisi yako imalizie. Na muulize landilodi kwanza, kwa sababu shimo ambalo hakuliruhusu linaweza kula dipositi yako siku ya kuhama.

Soma Nm kabla ya V

Kwenye boksi tafuta herufi Nm. Hiyo ni nguvu ya kusokota, ndiyo inayoingiza skrubu kwenye mbao. Ukitaka kuielewa, fikiria umeshika mpini wa urefu wa mita moja, kisha ukaning'iniza mzigo wa gramu 100 kwenye ncha ya mbali. Mkono wako unahisi karibu Nm 1.

Bisibisi nyingi ndogo za 3.6V huwa na Nm 3 hadi 5. Mfano unaojulikana ni IXO ya Bosch, iliyoingia sokoni mwaka 2003 ikiwa na betri ya lithiamu wakati vifaa vingi vya aina hiyo bado vilitumia betri za nikeli. Matoleo yake kadhaa ni ya 3.6V na Nm 4.5. Nguvu hiyo inatosha bawaba, droo na rafu za mbao laini kama saiprasi. Lakini ukiipa skrubu ya sentimita 6 kwenye mkaratusi mkavu, itakoroma na kusimama. Hata kwa saiprasi, toboa kitundu chembamba kwanza. Skrubu ya milimita 4 inapenda kitundu cha milimita 2.5 hivi, na mbao haitapasuka.

Kama una mpango wa kuunda kitanda au banda la kuku, panda ngazi moja hadi drili ndogo za 12V, ambazo nyingi hufika Nm 30 hivi. Ni nzito zaidi na bei yake ni nyingine kabisa. Kwa kukaza bawaba tu, hiyo ni kuchinja kuku kwa panga la miwa.

Mtego wa '48V'

Hapa ndipo wengi wanaliwa pesa. Muuzaji anakuonyesha kifaa chenye maandishi makubwa, 48V au 88VF, akikuambia, "Omera, hii ni moto." Piga hesabu kidogo kabla ya kutoa M-Pesa.

Seli moja ya betri ya lithiamu ina wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa inafika 4.2. Seli tano zikiunganishwa moja baada ya nyingine, unapata 18V, au 21V zikiwa zimejaa. Ili ufike 48V unahitaji seli kama 13, na seli 13 za kawaida haziwezi kuingia kwenye betri inayotosha kiganja chako. Kwa hiyo geuza chaja na usome maandishi madogo. Kama inatoa 21V, hiyo ni betri ya seli tano, hata kama boksi limeandikwa nini. 88VF ni jina la kuuzia tu. Kifaa kinaweza kuwa kizuri bado, lakini usilipe bei ya volti ambazo hazimo.

Pia angalia Ah, yaani ukubwa wa tangi la betri. Zidisha V kwa Ah ujue nishati iliyomo. Bisibisi ya 3.6V na 1.5Ah ina wati-saa 5.4. Betri ya simu yako ya 5,000 mAh ina zaidi ya mara tatu ya hiyo.

Chaji ya simu ikifaa, chukua

Kituo cha umeme cha Sondu Miriu, chenye uwezo wa megawati 60, kiko papa hapa Nyakach. Lakini stima ikipotea, hata wewe jirani yake unabaki gizani. Ndiyo maana bisibisi inayochajiwa kwa USB inafaa sana huku. Pawabanki inaijaza, na sola ya nyumbani yenye tundu la USB pia. Ile yenye chaja ya pini ya ajabu, siku chaja ikipotea au kuungua, imekuwa pambo la dirisha.

Usiiache kwenye jua la adhuhuri wala juu ya kabati chini ya mabati ya moto. Joto ndilo linalozeesha betri ya lithiamu haraka. Kama hutaitumia kwa miezi, iache na chaji ya nusu, wala usiichaji juu ya godoro ukiwa umelala.

Biti mbaya inaharibu kila kitu

Skrubu yenye alama ya msalaba si aina moja. Ya kawaida hutumia biti ya PH2. Ukiona vistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba, hiyo ni PZ2. Ukichanganya, biti itateleza na kula kichwa cha skrubu, kisha utalaumu mota. Hakikisha tundu la biti ni lile la pembe sita la inchi robo, ili biti za duka lolote ziingie.

Dukani, usione haya

Beba kipande cha mbao na skrubu mbili kutoka nyumbani. Omba kuijaribu. Ingiza skrubu, kisha uitoe kwa kurudi nyuma. Biti ikiyumbayumba au mota ikinuka kuungua, rudisha mezani. Kama ina pete ya namba za kupunguza nguvu, ijaribu kwa namba ndogo. Inapaswa kuachia yenyewe skrubu ikikaza. Hiyo ndiyo inayookoa mbao laini na skrubu ndogo. Tafuta kibandiko cha ISM cha KEBS kwa bidhaa iliyoagizwa kutoka nje, na usiondoke bila risiti.

Jambo moja la kuokoa maisha: ukikaza kifuniko cha soketi, zima swichi kuu kwanza. Mpini wa plastiki si kinga ya stima. Kazi ya nyaya zenyewe ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA.

Na je, kama skrubu zako ni mbili kwa mwaka? Basi nunua bisibisi ya mkono na biti nzuri, pesa inayobaki ilipe tokeni. Au changeni, wapangaji watatu wa ploti moja, mnunue moja nzuri badala ya kila mtu kununua mbovu yake. Mkubaliane tu mapema nani anaiweka, na anayeitumia mwisho airudishe ikiwa na chaji.