Tembo la mnazi: kinywaji kisichongoja lori

Mgeni anayefika kata ya Dunda, penye Mji Mkongwe wa Bagamoyo, hutembezwa Ngome Kongwe, Caravan Serai na soko la samaki, kisha hupelekwa Kaole kuona magofu ya msikiti wa karne ya 13. Akitaka kinywaji, huletewa dafu au bia ya kiwandani. Tembo la mnazi, ambalo familia za wagema wa pwani hurithishana ufundi wake, ni nadra kuwamo kwenye ratiba yake. Kibiashara, hiyo ni fedha inayoachwa mtini.

Mgema hupanda mnazi asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni. Hufunga kamba karara la maua ambalo halijapasuka, hukata ncha, na utomvu hudondokea kibuyuni au, siku hizi, kwenye chupa ya plastiki. Kila apandapo huchonga kipande chembamba ili kidonda kisizibe. Utomvu huo wenye sukari nyingi huanza kuchacha kwa hamira ya asili ungali mtini. Kinachoshushwa asubuhi ni tembo tamu lenye povu jepesi. Jioni limeshakuwa kali. Baada ya siku moja au mbili huwa limeanza kugeuka siki.

Mwendo huo ndio unaopanga soko. Mvinyo wa Champagne huzalisha gesi yake ndani ya chupa iliyozibwa, hukaa ghalani miezi isiyopungua 15, kisha husafirishwa dunia nzima. Tembo ukilifunga chupani huendelea kuchacha hadi kizibo kiruke; ukilichemsha ili litulie, povu huisha na ladha hubadilika. Basi mnywaji ndiye anayepaswa kulifuata shambani. Hata Champagne, ambako chupa husafiri vizuri, watengenezaji huuza pia ziara na kuonja, na maghala yao ya chini ya ardhi yaliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Kerala, India, maduka ya tembo yenye leseni huuza kinywaji pamoja na samaki wa viungo.

Mwenye shamba naye ana hesabu yake. Karara linalogemwa halizai nazi. Nazi humpa fedha zinapoangushwa, tembo humpa kila siku, lakini mgema naye ana fungu lake. Minazi yenyewe inapungua kwa uzee, maradhi na viwanja vya nyumba.

Vikwazo vya kumpeleka mgeni shambani vinajulikana. Kuuza pombe ya kienyeji kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Vileo ya mwaka 1968. Vyombo lazima viwe safi, na hofu ya tembo kutiwa maji, ile ya methali ya mgema anayesifiwa, huondolewa kwa mgeni kuona likishushwa. Bagamoyo pia ni mji wa Waislamu wengi, hivyo kuonjesha kunafaa kufanyikia mashambani, mbali na mitaa ya misikiti.

Kwa familia ya wagema, bidhaa ni mbili. Ya kwanza ni asubuhi ya kuangalia mgema akipanda na kuonja papo hapo, kwa kiingilio. Ya pili ni siki, inayotokana na tembo lililobaki: hiyo hufungwa chupani, hukaa rafuni, na hata jirani asiyegusa pombe huinunua kwa kachumbari yake.