Taa za Studio Ndogo ya Nyumbani

Mtu wa mji wa Wote au Mwingi aliyeazimia kukigeuza chumba kimoja cha nyumba yake kiwe studio ya picha, aghalabu huanza kwa kuuliza ni flashi ipi yenye nguvu kuliko zote. Na swali hilo, kwa rai yangu, ndilo limpotezealo fedha. Nguvu ya flashi hupimwa kwa wati-sekunde, na katika chumba cha mita 3 kwa 4, ambamo taa haiwezi kukaa mbali na uso wa mtu, wati-sekunde 200 hutosha, tena huenda zikazidi, kwa kuwa taa ikisogezwa hadi nusu ya masafa yake, nuru huongezeka mara 4. La kumwuliza muuzaji, basi, ni taa yaweza kupunguzwa kiasi gani. Ishukayo hadi sehemu 1 ya 128 ya nguvu yake ina manufaa kuliko ikomeayo sehemu 1 ya 8. Tena iwe na betri yake, maana umeme hukatika.

Lakini ukuta nao ni taa. Mkalishe bibi arusi kando ya ukuta wa matofali ya kuchoma, yale mekundu yaliyo mengi Kitui, kisha mpige picha, ulitazame shavu lililoelekea ukutani: limepata wekundu ambao hakuja nao. Tundika shuka jeupe baina yake na matofali, na wekundu ule hutoweka. Taa moja, mwavuli mweupe mpana wa kutawanyia nuru na shuka hilo, ndivyo vitu ambavyo ningevinunua kwanza.